Sura ya Sita: Mbayuwayu wa Kolwezi

Ndege iliyoutetemesha Umoja wa Mataifa mwezi Septemba 1961 ilikuwa ndege ya shule. Kila ninapolitaja jambo hili hapa Kolwezi naonekana kama mtu aliyekuja kuharibu hadithi ya wakubwa. Katika masimulizi ya mitaa ya Manika na Musonoi, "ndeke ya Tshombe" ni dude la vita lililojaa mabomu tumbo zima, na mlio wake ulisikika mpaka Likasi. Kumbe ilikuwa ndege nyepesi ya kumfundishia kijana wa miaka ishirini namna ya kupaa, kugeuka na kutua bila kujiua.

Jina lake ni Fouga Magister. Wafaransa waliirusha kwa mara ya kwanza Julai 1952. Ina viti viwili, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma yake, na injini mbili ndogo za Turbomeca Marboré zilizobanwa ubavuni, kila moja ikisukuma kwa nguvu ya kilo 400 hivi. Kwa ndege ya jeti, hizo ni nguvu za punda. Mabawa yake ni marefu na membamba, kwa sababu waliochora ramani yake walikuwa mabingwa wa kuunda ndege zisizo na injini, zile zinazoelea juu ya hewa ya moto kama mwewe. Na mkia wake ni wa ajabu. Ndege nyingine zina bapa moja lililosimama na mawili yaliyolala. Fouga ina mabapa mawili tu, yameinuka yakiachana kama herufi V. Ukiitazama kwa nyuma inapokwenda zake, utasema ni mbayuwayu. Haingurumi. Inapiga mluzi, mwembamba na mkali, unaotangulia kuingia sikioni kabla jicho halijaiona ndege yenyewe.

Ndege hiyo dhaifu ndiyo iliyokuja kupendwa kuliko nyingi na watu wa sarakasi za angani. Ndege yenye nguvu nyingi humwokoa rubani aliyekosea hesabu: anasukuma mkono wa gesi, anapanda, kosa limefutika. Fouga haina anasa hiyo. Ukitaka kupiga mviringo mkubwa angani, kasi yake huna budi kuichuma kwanza kwa kushuka, na ukiitumia ovyo utafika kileleni umeishiwa, unaning'inia kichwa chini huku ndege ikikuuliza unataka nini. Rubani aliyelelewa na ndege ya namna hii anajifunza ubahili, na ubahili huo ukitazamwa kutoka chini unaonekana kama ulaini: hakuna mshtuko, hakuna kukata kona, mstari mmoja tu unaokwenda na kurudi.

Kuruka peke yako ni jambo moja. Kuruka wanne, sita au tisa, bawa la mmoja likiwa mita chache kutoka bawa la mwenzake, ni jambo lingine kabisa. Watazamaji hudhani kila rubani anaitazama mbingu. Wapi! Anayetazama mbingu na ardhi ni mmoja tu, kiongozi. Wengine wote wanamtazama jirani. Kila mmoja huchagua alama mbili kwenye ndege ya mwenzake, tuseme ncha ya bawa na nembo iliyochorwa ubavuni, na kazi yake yote ni kuhakikisha alama hizo hazitengani. Kiongozi akipinduka, wanapinduka. Aliye nyuma hana haja ya kujua kama amesimama au yuko miguu juu. Ulimwengu wake wote ni zile alama mbili. Ndiyo maana kosa la kiongozi ni kosa la wote. Januari 1982, katika jangwa la Nevada, marubani wanne wa Thunderbirds wa Marekani walikuwa mazoezini wakipiga mviringo sambamba. Kiongozi hakuweza kuinua pua kwa wakati, na ndege zote nne zikagonga ardhi karibu kwa pamoja.

Redioni kiongozi hasemi kwa kukata maneno. Anavuta sauti, neno linarefuka, na mwisho wa neno ndio ishara ya kuvuta usukani. Waliowahi kuona vibarua wa reli wakiinua taruma wanaujua utaratibu huu: yuko mwimbishaji, na silabi ya mwisho ndiyo inayobeba mzigo. Tofauti ni kwamba angani mzigo ni mwili wako mwenyewe. Ndege inapovutwa juu kwa nguvu, mtu wa kilo 70 anaweza kuwa na uzito wa kilo 280 kwa sekunde kadhaa, damu inamkimbia kichwani, macho yanaanza kuona giza pembeni, na bado hazipaswi kumponyoka zile alama mbili. Moshi mnaoupigia makofi ni mafuta tu, yanamwagwa katika hewa ya moto inayotoka kwenye injini, na ule wa rangi ni mafuta yaliyochanganywa na rangi.

Ufaransa iliipa Fouga kikosi chake cha sarakasi, Patrouille de France, kuanzia 1964 hadi 1980. Ubelgiji ilifuata: kikosi chake, Diables Rouges, yaani Mashetani Wekundu, kilirusha Fouga zilizopakwa rangi nyekundu toka 1965 hadi 1977. Ireland ilikuja mwisho, na habari ya Ireland nitaichelewesha makusudi.

Nchi haiweki kikosi cha namna hii kwa ajili ya kuburudisha watoto siku ya sikukuu. Inawaambia majirani na raia wake kwamba sisi tunao vijana wenye nidhamu, tunazo ndege, tunayo fedha ya kuchoma mafuta bila kumpiga mtu risasi. Afrika Kusini ina Silver Falcons wake, Moroko ina Marche Verte wake. Kongo haina. Lakini palikuwa na nchi moja, iliyoishi miaka miwili na nusu juu ya ardhi hii tunayoikanyaga, ambayo yenyewe nzima ilikuwa onyesho.

Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo letu la Katanga, alitangaza kwamba limejitenga. Hakuna serikali duniani iliyoitambua rasmi nchi hiyo, kwa hiyo ilibidi ijitambulishe kwa macho. Ilikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, ile misalaba ambayo mababu walikuwa wakiyeyusha na kuitumia kama fedha karne nyingi kabla ya kampuni ya migodi ya Union Minière. Ilikuwa na sarafu zake za 1961, ndizi upande mmoja, msalaba upande wa pili. Ilikuwa na wimbo, stempu, gwaride, mabalozi wasio na balozi. Kilichokosekana ni kitu cha kupita juu ya vichwa vya watu kwa kasi.

Fouga tisa ziliagizwa kutoka Ufaransa. Zilifika tatu, Februari 1961, zikiwa zimefungwa ndani ya tumbo la ndege kubwa ya mizigo. Ni mwezi huohuo ambao serikali ya Katanga ilitangaza kifo cha Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyekwisha kuuawa tangu tarehe 17 Januari karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Kwa mwananchi wa kawaida, habari hizo mbili zilikuja zikifuatana: yule amekufa, na hizi zimefika.

Tatu hazikukaa tatu. Moja ilianguka Juni ikiwa mazoezini. Ya pili ilikamatwa na askari wa Umoja wa Mataifa, au ONU kama tunavyoiita huku, pale uwanja wa Élisabethville mwishoni mwa Agosti, walipoendesha msako wa kuwatoa maofisa wa kigeni katika jeshi la Katanga. Ikabaki moja. Na kwa kuwa Élisabethville ilikuwa mikononi mwa ONU, na kambi kubwa ya Kamina vilevile, hiyo moja ikaja kukaa kwetu, Kolwezi.

Kamina ina kisa chake katika mambo haya. Iko zaidi ya kilomita 200 kaskazini ya Kolwezi, na ndiko Jeshi la Anga la Ubelgiji lilikokuwa likiwafundishia marubani wake tangu 1953 hadi uhuru, kwa ndege za panga boi aina ya Harvard. Anga la Katanga lilichaguliwa kwa sababu ni pana, kavu nusu mwaka, na hakuna majirani wa kulalamika. Kwa hiyo anga la Katanga lilishakuwa darasa la Wabelgiji kabla ya mtu yeyote kulifanya uwanja wa vita.

Kolwezi ya 1961 ilikuwa mji wa Union Minière kutoka mtaro hadi dari: migodi ya Musonoi, kiwanda kipya cha Luilu, karakana, maghala ya mafuta. Aliyeruka juu yake mwezi Septemba aliona nchi ya rangi ya kutu chini ya ukungu wa moto wa porini, na upande mmoja weupe wa Kingamyambo, lile bwawa la matope yaliyobaki baada ya shaba kuchujwa. Matope hayo, pamoja na yale ya bonde la Musonoi, yalihesabiwa kuwa tani zaidi ya milioni 100, na leo kampuni ya Metalkol inayafua upya kutafuta shaba na kobalti ambayo wachujaji wa zamani waliiacha. Mimi hupenda kusimama ukingoni mwake jioni. Ni mahali penye anga kubwa kuliko pengine popote mjini.

Alfajiri ya tarehe 13 Septemba ONU ilianza kuteka ofisi za serikali ya Tshombe huko Élisabethville. Siku hiyo na zilizofuata, Fouga ile moja ikawa inaondoka na kurudi. Ilikuwa na bunduki mbili za rashasha puani na mahali pa kuning'iniza mabomu madogo chini ya mabawa, silaha ambazo kwa ndege ya mafunzo zimewekwa ili mwanafunzi ajifunze kulenga. Ilichoma ndege za uchukuzi za ONU zilizoegeshwa Élisabethville. Ikachoma nyingine Kamina. Rubani anayetajwa zaidi katika historia ya siku hizo ni Mbelgiji, José Magain.

Iliwezaje? Jibu linaudhi kwa wepesi wake. ONU ilikuwa na maelfu ya askari nchini Kongo na haikuwa na hata ndege moja ya kivita. Ilikuja kulinda amani, ikaleta lori, helikopta na ndege za kubebea watu na unga. Katika anga tupu, punda ni mfalme. Fouga haikuhitaji kuwa na kasi kubwa wala silaha nzito. Ilihitaji kuwa peke yake. Na ikafanya kile kinachofanywa na kikosi chochote cha sarakasi, ikapita chini, mbele ya watu wengi iwezekanavyo, ikageuka, ikapita tena. Haikuweza kuliharibu jeshi la ONU, lakini iliweza kuonekana na kila mtu.

Walioiona kwa karibu kuliko wote walikuwa Waayalandi. Kikosi chao A, watu wapatao 155 chini ya Kamanda Pat Quinlan, kilikuwa kimepelekwa Jadotville, ambayo ni Likasi, kuwalinda Wazungu wa pale ambao kwa kweli hawakutaka ulinzi huo. Kutoka Kolwezi kwa Fouga ni kama robo saa. Waayalandi walizingirwa tarehe 13, wakajichimbia mahandaki, wakapigana siku tano. Helikopta iliyofanikiwa kuwafikia ilileta maji, lakini madebe yalikuwa yamebeba mafuta kabla yake na maji hayakunyweka. Joto la Septemba tunalijua sote, lile la kabla ya mvua, linalotoka juu na kutoka chini. Na katikati ya hayo, mluzi. Unasikia, unajilaza, risasi zinapita, bomu linaanguka, kisha kimya, kisha unahesabu muda inaotumia kugeuka. Walijibu kwa bunduki zao, nayo ikajifunza kutokaribia sana. Tarehe 17 risasi na maji viliwaishia, wakasalimu amri. Katika mazingira hayo yote hakuna hata mmoja wao aliyekufa, watano walijeruhiwa.

Jioni ya siku hiyohiyo, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, aliondoka Léopoldville kwa ndege ya DC-6 iliyoitwa Albertina kwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka, kuonana na Tshombe na kusimamisha vita. Njia iliyonyooka ingepita juu ya Katanga. Hakuichukua. Ndege yake ilizunguka mashariki mpaka upande wa Ziwa Tanganyika, usiku, redio ikinyamaza kwa saa nyingi, kwa sababu ya kuiogopa ndege moja ya mafunzo. Usiku wa manane ulipokwisha kupita, tarehe 18, Albertina ilianguka msituni karibu na Ndola. Watu wote 16 waliokuwamo walikufa, mmoja wao baada ya siku chache hospitalini.

Hapo Fouga ya Kolwezi ikaingia katika jalada ambalo halijafungwa hadi leo. Wakoloni wa Rhodesia walisema rubani alikosea urefu. Tume ya Umoja wa Mataifa haikukata shauri. Mwaka 2015 uchunguzi ulifunguliwa upya, na aliyekabidhiwa kuuongoza alikuwa Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa nchi yake. Katika ripoti ya 2017 aliandika kwamba inaelekea shambulio au tishio kutoka nje linaweza kuwa lilichangia ajali ile, na tangu hapo amerudia kuzihimiza nchi kadhaa zifungue nyaraka zao za kijasusi. Kama kulikuwa na ndege nyingine angani usiku ule, ilikuwa ipi? Kutoka Kolwezi hadi Ndola ni zaidi ya kilomita 400, Fouga haina rada, na kuitafuta ndege nyingine gizani kwa macho matupu ni kazi ya kumsaka paka mweusi. Wengine wanaitaja ndege aina ya Dornier, wengine wanakataa ndege yoyote. Mimi naelekea kwa wanaosema Fouga haikuhusika. Lakini haikuhitaji kuwapo. Tayari ilikuwa imempangia mtu njia ya kupita.

Kuna jambo jingine dogo la siku hizo ambalo wasomaji wa Kampala na Nairobi wanapaswa kulijua. Ethiopia ilikubali kutoa ndege zake za kivita aina ya Sabre ili kuikabili Fouga. Zingeweza kufika mapema. Lakini kuja Kongo zilipaswa kupita katika anga la Afrika Mashariki, iliyokuwa bado mikononi mwa Waingereza, na Waingereza wakachelewesha ruhusa mpaka Hammarskjöld akawa amekufa.

Kisha zikaja zote kwa pamoja. Oktoba 1961 ONU ilikuwa na Sabre za Ethiopia, ndege za Sweden aina ya Saab J 29 ambazo Waswidi wenyewe waliziita Tunnan, yaani pipa, kwa unene wake, na Canberra za Uhindi, ndege za mabomu hasa. Anga halikuwa tupu tena. Tarehe 5 Desemba Canberra zilishambulia uwanja wa Kolwezi. Fouga haikutawala tena. Katanga ikajikusanyia ndege nyingine mwaka 1962, zikiwamo Harvard, ndege za shule za zamani zaidi kuliko Fouga, na tarehe 29 Desemba mapipa ya Sweden yakaja uwanja wa Kengere, hapahapa Kolwezi, na kuzichoma zikiwa chini. Mwezi mmoja baadaye hadithi ilikuwa imekwisha. Tshombe alikuwa ametishia kulipua migodi na mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke, baruti zilishategwa, lakini hazikuwashwa, na tarehe 21 Januari 1963 askari wa ONU waliingia Kolwezi bila vita.

Sasa tutazame kalenda. Kolwezi inaanguka Januari 1963. Mwaka 1964 Patrouille de France inachukua Fouga. Mwaka 1965 Wabelgiji wanazipaka rangi nyekundu. Hakuna aliyefanya kusudi; ndege hununuliwa kwa mahesabu ya vipuri na bei ya mafuta, si kwa kumbukumbu za mji ulio mbali. Lakini ukikaa Kolwezi huwezi kuzisoma tarehe hizo bila kuhisi kitu. Huko Ulaya familia zinatandaza mablanketi kwenye nyasi, watoto wameziba masikio huku wanacheka, mluzi unapita. Uleule.

Ireland ndiyo iliyonishangaza. Katikati ya miaka ya 1970 Jeshi la Anga la Ireland lilihitaji ndege ya jeti ya kufundishia, na halikuwa na fedha nyingi. Likanunua Fouga sita. Mwaka 1986 marubani wake wakaunda kikosi cha sarakasi cha ndege nne hizo, kikosi pekee cha jeti ambacho nchi ile imewahi kuwa nacho, na kikaendelea mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1990. Jina walilolichagua ni Silver Swallows, Mbayuwayu wa Fedha.

Wakati huo wazee wa Kikosi A walikuwa hai, wengi wao wakiishi Athlone na maeneo ya jirani. Walikuwa wamerudi nyumbani mwaka 1961 na kukuta kwamba kusalimu amri kwao kumegeuzwa aibu ya kutotajwa. Ilipofika 2016 ndipo jeshi lao lilipokitunuku kikosi kizima hati ya heshima, na medali zikafuata mwaka 2017, nyingi zikapokewa na watoto na wajane. Yaani kwa zaidi ya miaka kumi Ireland ilikuwa ikiipigia makofi Fouga hadharani, huku ikiwa haijawapigia makofi watu wake waliolala mahandakini chini ya Fouga.

Jina lile la mbayuwayu wenyewe labda hawakulifikiria mbali. Sisi tunawajua. Mbayuwayu wanaozaa kwenye mabanda ya ng'ombe ya Ireland huondoka baridi inapokaribia, wanavuka Sahara, wanapita juu ya misitu ya Kongo wakielekea kusini mwa Afrika. Huku Lualaba wanaonekana mvua zinapoanza, wamejipanga kwenye nyaya za umeme, au wanapita chini kabisa juu ya maji ya Nzilo na kugeuka ghafla kwa namna ambayo hakuna rubani aliyewahi kuiweza.

Mji huu umeangalia juu mara nyingine tangu hapo. Mei 1978, waasi waliotoka Angola walipokuwa wameuteka, watu waliona miavuli mamia ikifunguka mchana kweupe: jeshi la kigeni la Ufaransa likirushwa kutoka ndege za C-130 za Zaire na Transall. Wafaransa walitengeneza hata filamu kuhusu siku ile. Hiyo ni sura nyingine, na nimeshaahidi kuiandika. Siku hizi anga letu ni la ndege ndogo za wakubwa wa migodi, na tarehe 30 Juni gwaride linapita chini, kwa miguu.

Mwaka jana nilimpelekea mzee mmoja wa Musonoi picha za video. Amestaafu kampuni ya migodi ya Gécamines, na mwaka 1961 alikuwa mtoto wa miaka minane. Tuliketi nje ya nyumba yake, nikamwambia kwamba ndeke ile ya zamani, huko Ulaya, ilikuwa ya kufundishia wanafunzi, na baadaye ikawa ya kucheza kwenye sikukuu.

"Ya kucheza?"

"Ndiyo, papa. Ya kucheza."

Alicheka kidogo, akakohoa. "Mwana, batoto ba bazungu banachezaka na bintu bikali."

Nikamwonyesha zile nyekundu za Ubelgiji kwenye simu. Akazitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Zilipanda kwa pamoja, zikafunguka kama ua, moshi ukabaki nyuma. Zilikuwa ndogo mno, na rangi siyo, na nyingi. Akatikisa kichwa kwamba hapana, si hiyo.

"Weka sauti," akasema.

Nilikuwa nimeizima tangu mwanzo, kwa sababu ya muziki waliouweka juu yake. Nikaifungua, nikarudisha nyuma mpaka mahali ambapo muziki unanyamaza na ndege zinapita chini mbele ya watu. Mzee alifumba macho. Mluzi ukatoka kwenye kile kipaza sauti kidogo cha simu, mwembamba, ukakua, ukapita.

"Njo yeye," akasema, na akanirudishia simu yangu kabla ndege hazijatua.